Mbegu za Mgunga Zilizogoma Kuota

Hapo zamani za kale, enzi ambazo Tembo bado alikuwa anajua kupiga hodi, wanyama walikuwa na desturi moja: kiwanja ni cha yule aliyeotesha mti ndani yake. Kisicho na mti, yeyote huruhusiwa kukichukua.

Kindi, mjane mwenye watoto wanne, alipanda mbegu za mgunga kiwanjani kwake. Akazimwagilia, akazibembeleza, hata wimbo akaziimbia. Wapi. Zilikaa udongoni ngumu kama changarawe.

Kila asubuhi Tembo alichungulia uani.

"Hodi jirani. Zimeota?"

"Bado."

"Masika yakiisha, hapa nachimba bwawa langu la matope. Wewe na wanao mtajua pa kwenda."

Kindi akaogopa kwelikweli. Akazunguka porini akiwaza, mpaka akajikwaa kwenye kinyesi cha Tembo. Akaziba pua. Kisha akatazama vizuri, akaiachia. Katikati ya kinyesi ilikuwa imechomoza miche ya mgunga, imenawiri.

"Kumbe," akasema. "Ganda lile gumu dawa yake ni tumbo."

Kesho yake akaweka uani sinia kubwa la matunda ya mgunga, mbegu zikiwa ndani.

"Jirani, wakwe zangu wanakuja. Nilindie chakula chao mpaka nirudi kesho. Tafadhali usionje."

"Mimi? Mtu mzima na heshima zangu?"

Kindi hajafika hata kichochoroni. Kafu, kafu, kafu! Sinia likabaki jeupe, na Tembo akalala palepale.

Alfajiri tumbo likaamka kabla ya mwenyewe. Nguru-nguru-nguru. Tembo akajaribu kukimbia, akachelewa. Pu! Pu! Pu! Msicheke, yeye mwenyewe alitamani kulia. Akatazama huku na huku, akafukia kila kitu kwa miguu, akanyata kwenda zake.

Mvua ikanyesha. Kiwanja kikajaa miche.

Tembo akaja mbio na Bi Twiga, mjumbe wa kijiji, na majirani wote nyuma.

"Miche hii ni yangu," akasema. "Niliipanda mimi."

"Uliipandaje?" akauliza Bi Twiga.

Tembo akatazama miguu yake.

"Mweleze mjumbe, jirani," akasema Kindi kwa adabu. "Mbegu ulizipata wapi, na jembe lako lilikuwa lipi?"

Majirani wakasogea karibu wasikie vizuri. Masikio ya Tembo yakalegea.

"Nimekosea kiwanja," akanong'ona, akaondoka.

Ndiyo hivyo, wanangu: mlafi akiwa na nguvu za kutosha, mwenye akili hahitaji kuajiri kibarua.