Wimbo Mmoja wa Donna Hesketh

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme na majini, ni zamani hii ya juzijuzi, kulikuwa na binti mmoja huko kaskazini mwa Uingereza aitwaye Donna Hesketh. Msidhani kila Mwingereza kazaliwa kwenye neema. Huyu alizaliwa nyumba za kupanga nyuma ya kiwanda cha biskuti, na mama yake, Jean, alikuwa akifua mashuka ya hospitali.

Lakini sauti jamani! Donna akiimba, unasimama. Akianza kufokafoka, yaani kughani maneno mbio mbio juu ya mapigo, unakaa tena, usikose hata neno. Akaimba katika miji mikubwa, akajulikana, na lafudhi ya kwao hakuiacha. Waliomcheka mwanzoni ndio waliogombea tiketi baadaye.

Sasa sikilizeni balaa. Koo likaanza kukwaruza. Daktari akamchungulia, akamwambia nyuzi za sauti zimeota vinundu, lazima apasuliwe, na akishapasuliwa huenda asiimbe tena maishani. Kabla ya hapo koo lingehimili wimbo mmoja, basi. Donna akalia, na mimi simlaumu.

Habari zikafika kwao. Wakamjia watu watatu.

Wa kwanza ni mama. Jean alishika zamu za jioni miaka yote, maana ndizo zilizowalisha, na jioni ndiyo saa ya waimbaji. Hakuwahi kumwona mwanawe jukwaani.

"Mwanangu," akasema, "niimbie ule wimbo niliokuwa nikikubembeleza nao. Watu wote wamekusikia. Mimi nilikuwa nafua."

Mnaona? Kuna mtu ameshajibu moyoni. Tulia, mwenzangu, bado wawili.

Wa pili ni Delroy, ambaye wazazi wake walitoka Jamaika. Yeye na Donna walifanya kazi pamoja kiwandani, kufunga biskuti. Mashine ilipiga kelele mchana kutwa, na Delroy ndiye aliyemfundisha Donna kupachika maneno katikati ya mapigo ya mashine. Wimbo wake wa kwanza wa kufoka waliutunga pale, wote wawili. Wimbo ukavuma, jina la Delroy likabaki kiwandani, naye hakunung'unika. Sasa mashine ile ile imemla masikio. Moja limekufa, la pili liko njiani.

"Foka ule wetu, dada," akasema. "Nikishausikia huo, haya masikio na yazibe."

Wa tatu ni mzee Albert Ogden. Kwao wafanyakazi wana klabu yao, na humo klabuni bingo, ule mchezo wa bahati wa kungoja namba za kadi yako zitajwe, ni ibada. Namba zikiitwa, ukikohoa tu unatazamwa kama mwizi. Albert ndiye aliyekuwa katibu, mwenye kuwapangia waimbaji zamu. Siku Donna alipoimba pale mara ya kwanza, saa ya bingo ikafika, na Albert hakumsimamisha. Alisahau, maskini, alikuwa amesimama pembeni analia. Siku hiyo hiyo alikuwepo mtu wa studio, akamsikia Donna mpaka mwisho, na ndipo nyota yake ilipong'aa. Albert je? Wanachama wakamfukuza kwa kuwakosesha bingo. Miaka yote hiyo kakaa nyumbani, mke kafa, mtoto hana. Sasa wanachama wamesema watamrudisha, ila Donna aje awaimbie wimbo wa zamani wa wachimba makaa ya mawe, ule wa baba zao. Kufoka hawataki, kwao ni kelele.

Albert akasema, "Binti, sikudai. Lakini nimechoka kula peke yangu."

Najua mtakachosema. Awakusanye wote mahali pamoja! Haya, kawakusanya, humo humo klabuni. Lakini wimbo ni mmoja, na kila mtu ana wake. Au auchanganye? Nani kati yenu hupika uji na pilau chungu kimoja?

Donna akawaomba waelewane wenyewe. Albert akainamisha kichwa. Delroy akasema mama kwanza. Jean akasema hapana, apewe Delroy, lakini alisema huku kageuza uso, na Donna aliona. Aliogopa kumtupa mama, na aliogopa shukrani yake kwa wale wawili isije ikawa ya punda.

Akapanda jukwaani. Wanachama wakaweka kadi zao za bingo chini, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mbele kakaa Jean, bado na sare ya kazi. Kakaa Delroy, kaelekeza lile sikio lililobaki. Albert kasimama mlangoni, maana hajaruhusiwa kuketi.

Donna akashika kipaza sauti, akavuta pumzi, akafungua kinywa.

Haya, nyie mahodari wa kuhukumu, na hasa wewe uliyejibu kabla sijamaliza: mmoja atapata wimbo wake, wawili watakosa milele. Je, nani alistahili?