Nani Abishe Hodi kwa Wakwe?

Sogeeni, na simu zenu zilazeni kifudifudi, maana hadithi hii imeanzia humo humo. Nawaambia mapema, ni hadithi ya aibu, na aibu yenyewe ni moja, wenyewe watatu.

Muheza palikuwa na mjane, Bi Mwanjaa, muuza vitumbua. Tangu afiwe na mumewe hakuwahi kugonga mlango wa jirani hata kwa chumvi. Alikuwa na watoto watatu. Mwantumu, wa kwanza, alijaliwa ukarimu: mgeni hakutoka kwake na njaa. Shekue, wa pili, alijaliwa vidole: simu yoyote ilimtii. Tunu, wa mwisho, alijaliwa ulimi: akikubembeleza, unakubali kabla hajamaliza.

Siku ya posa ya Tunu nyumba ilijaa watu. Miongoni mwao alikuwemo kijana nadhifu, kamera shingoni, kishikwambi mkononi. Upande wa binti walidhani kaja na wakwe. Wakwe walidhani ni wa pale nyumbani. Kumuuliza mgeni wa posa "wewe nani?" nani angethubutu?

Mwantumu akamkaribisha. Akampakulia pilau, akampa kiti jirani na mama yake. "Kaa hapa kaka, utapata picha nzuri."

Kijana aliposhiba akainua kishikwambi. Kwenye kioo palikuwa na msimbo wa QR, kile kimraba chenye madoadoa meusi. "Mama, ukiskani hiki, picha zote zinaingia kwenye simu yako."

Bi Mwanjaa akasita. "Si utanitumia tu, mwanangu?"

Tunu akamwinamia sikioni. "Mama jamani, siku hizi hata soda watu wanalipia kwa kuskani. Usituaibishe mbele ya wakwe." Mama akatoa simu.

Shekue akaipokea. Alishazoea: dukani, stendi, kila penye kimraba yeye huskani na kwenda zake. Simu ikamuuliza kama anataka kuunganisha kifaa kipya kwenye meseji za mwenye simu. Hakusoma. Akabonyeza ndiyo, akachekelea. "Tayari. Kazi ndogo."

Picha hazikuja. Na tangu saa ile, kila meseji ya Bi Mwanjaa ilisomwa na yule kijana, naye aliweza kuandika kwa jina la mama wa watu.

Wiki iliyofuata akaja mama wa mchumba wake Tunu, kikapu cha mchele kakifunika kwa kanga ili majirani wasione. Akasema kwa sauti ya chini, "Mkwe, ile mahari uliyoomba tukutangulizie tumeshaituma kwenye namba uliyotupa. Na hiki kidogo, usione vibaya. Kuishiwa kunampata kila mtu."

Bi Mwanjaa akafungua mdomo aulize namba ipi. Mgeni akamshika mkono kwa huruma, akaaga. Heri angemtukana.

Shekue akafungua simu ya mama yake, akakuta kifaa kigeni kimeunganishwa. Akakiondoa, lakini mahari ilikwisha kwenda, na kijana hakuna aliyemjua hata jina.

"Nikienda mimi," mama akasema, "wataona nimekula mahari ya mwanangu, sasa nazua kisingizio. Mmoja wenu aende akaseme alichofanya. Mmoja tu. Mkienda watatu, kila mtu atajificha nyuma ya mwenzake." Akaingia chumbani. Tangu siku hiyo hapiki vitumbua, na wateja wakibisha anajibu kuwa anaumwa.

"Mimi nilimlisha tu," alisema Mwantumu. "Kukaribisha mtu ni kosa?"

"Na mimi nilibonyeza tu," alisema Shekue. "Mama alikuwa anakataa. Nani alimlainisha?"

Tunu akalia. "Nikienda mimi, nitaingia vipi nyumba ile nikiwa bibi harusi? Watanisema mpaka nizeeke."

Harusi ni Ijumaa. Watatu wale wameinamisha vichwa, na kikapu cha mchele kiko pale pale mlangoni, hakuna mwenye uso wa kukigusa.

Haya, nyinyi mnaocheka. Yupo aliyekaribisha, yupo aliyebembeleza, yupo aliyebonyeza. Nani avae viatu akabishe hodi kwa wakwe? Na wewe uliyenyamaza pale nyuma, kama Bi Mwanjaa angekuwa mama yako, ungemnyooshea mwenzako kidole, au ungekuwa umeshafika?