Farasi wa Savva na Noti za Kwanza

Karatasi ni nyepesi, neno ndilo zito. Mmeisikia leo, wanangu, mkaniuliza ilikotoka. Methali hii ilianza hivi.

Zamani huko Urusi pesa zilikuwa za shaba, tena nzito kupindukia. Mnunuzi wa bidhaa nyingi alihitaji mkokoteni wa kubebea malipo tu. Savva aliishi kwa kazi hiyo ya kubeba shaba, yeye na farasi wake jike. Kwa hiyo serikali ilipotoa noti, kwa ahadi kwamba atakayezipeleka benki atapewa shaba yake, Savva alizichukia. Aliona riziki yake inapeperuka.

Mwaka uliofuata njaa iliingia kijijini kwao. Ngano ilikuwako upande wa juu wa mto wao, mwendo wa siku nne, kwa mjane aitwaye Fedosya. Wanakijiji walichanga shaba zao zote, lakini theluji ilikuwa imeyeyuka na barabara zimekuwa tope. Mkokoteni uliopakiwa usingefika popote, wala mashua isingeweza kupanda mto uliofurika. Wakazibadilisha kwa mfanyabiashara wa hapo, wakapata noti nne, wakamtuma Savva. Akaenda amepanda farasi, noti kifuani, moyo mzito.

Fedosya alizigeuzageuza zile noti, akamrudishia. Alisema hawezi kutoa ngano ya mwaka mzima kwa vikaratasi.

Savva aliwakumbuka watoto waliokuwa wakichemshiwa magome ya miti. Akamkabidhi Fedosya hatamu za farasi.

"Hata mimi sizipendi," alisema. "Lakini zimeahidi. Mshike farasi wangu, mama. Benki ikikukatalia, awe wako."

"Una mwingine?"

"Sina."

Fedosya alizichukua tena zile noti. "Karatasi zako ni nyepesi," akasema, "ila neno lako ni zito." Jioni ile ile akaamuru ngano ipakiwe mashuani.

Savva alirudi kwa miguu, tope hadi magotini. Alipofika, mashua ilikuwa imemtangulia, na kila nyumba ilinukia mkate. Alikula akashukuru, lakini kila alipopita karibu na zizi lake tupu aligeuza uso.

Barabara zilipokauka, Fedosya alikuja akimwongoza yule farasi, ambaye sasa alikuwa amenenepa. Benki ilikuwa imemlipa shaba yote bila kupunguza. Alipouona ule mzigo wa shaba pale benki, alicheka, akaomba arudishiwe noti zake.

"Sasa nahitaji mtu wa kunisafirishia ngano," akamwambia Savva. "Nimekuja kukuuliza wewe kwanza."

Savva akakubali, uso umezama katika manyoya ya farasi. Na watu wa mto ule, hadi leo, husema: karatasi ni nyepesi, neno ndilo zito.