Picha ya Mama Muuza Ugoro

Ndugu zangu, mtu nitakayemsimulia asubuhi hii nimemtunga mwenyewe. Nawaambia mapema, asije mmoja wenu akageuza shingo kumtafuta kwenye viti vya nyuma.

Kulikuwa na fundi saa mmoja, mtu mzima, mwenye haya kupita kiasi. Kazi yake ilimfaa, kwa kuwa fundi saa huinamisha kichwa. Mteja akija, yeye aliitazama saa, akajibu kwa saa, akapokea malipo kwa kutazama meza. Watu wa mtaa walikuwa wakisema kwamba anawajua wote kwa mikono yao. Kanisani aliingia watu wakiwa wamefumba macho kwa sala, na akatoka kabla hawajayafumbua.

Dada yake alichoka. Akamnunulia kamera iliyokwisha kutumika, akamwambia kila siku ya gulio aende sokoni, amwombe mtu mmoja asiyemjua ruhusa ya kumpiga picha ya uso. Mmoja tu, kisha arudi nyumbani. Gulio la kwanza alirudi bila picha, shati limelowa jasho. La pili alimpiga mzee mmoja aliyekuwa amesinzia, na dada akasema hiyo haihesabiki. Lakini polepole ulimi ukafunguka. Alimpiga mchinjaji, akampiga msusi, akampiga askari wa soko, ambaye kwanza alitaka kujua amekosa nini. Akagundua kwamba uso wa mtu, ukiutazama kupitia kioo kile kidogo, haung'ati.

Siku moja akasimama mbele ya mama mmoja muuza ugoro, mwenye mguu uliovimba, ameketi juu ya gunia. Akamwamkia, akaomba kumpiga picha. Jirani wa mama huyo, muuza maharage, akadakia kwamba ampige pamoja na ugoro wake, maana kanisani huwa anakana kwamba anaunusa. Mama akacheka, akafunga kilemba upya, kisha akaacha kucheka.

"Mwanangu," akasema, "hii picha utanipa na mimi?"

Akamweleza. Kijana wake alikuwa anaoa mbali, safari ya treni na kisha basi, na kwa mguu ule yeye hangeweza kwenda. Baba wa kijana alikuwa amekwisha kufa. Kijana alikuwa ameomba picha ya mama yake, aiweke kwenye kiti ambacho mama angekikalia siku ya harusi, karibu na wazazi wa msichana, ili isionekane kwamba ametoka kusikojulikana. Na mama huyo hakuwa na picha hata moja.

Fundi akamtazama machoni. Akasema, "Nitakuletea, mama. Kabla ya harusi utakuwa nayo."

Akaenda nyumbani amefurahi sana. Mnajua alifurahia nini? Alifurahi kwamba ameitamka sentensi ile yote bila kigugumizi.

Picha ikasafishwa mjini, ikatoka vizuri kuliko zote. Siku ya gulio akaitia kwenye bahasha, akaenda. Akamwona mama kwa mbali, kwenye gunia lake. Na hapo miguu ikakataa. Kwa nini, ndugu zangu? Si alikuwa amepona? Kwa mtu asiyemjua alihitaji ombi moja tu, kisha anakwenda zake. Lakini kwa mama huyu alipaswa kurudi, na anayerudi huambiwa keti, huulizwa habari za nyumbani, hujulikana. Tena akakumbuka kwamba hakumwuliza hata jina. Atamwitaje? Akajiambia gulio lijalo. Siku hiyo akampiga picha muuza kamba, mtu mgeni kabisa, na kazi ikawa rahisi.

Gulio lililofuata aliona haya ya kukawia. La baada yake, akaona haya ya ile haya. Akaanza kupita nyuma ya bucha, penye mifupa na mbwa, ili asipite mbele ya gunia lile. Harusi ikafika, ikapita.

Wakati huo dada yake alikuwa akimsifu kila mahali, na wazee wa kanisa wakaomba picha zile zitundikwe ukumbini siku ya sikukuu ya mavuno. Zikatundikwa. Ya muuza ugoro ikawekwa katikati, kwa uzuri wake. Watu walipouliza huyu ni nani, fundi alijibu kwamba ni mtu wa sokoni. Wakamshika mkono, wakampongeza kwa kushinda haya yake.

Kisha mama akaingia. Alikuwa amesikia kwamba uso wake uko ukutani. Alikuja akiburuta mguu, ameegemea bega la yule muuza maharage. Fundi alikuwa karibu na meza ya chai. Akatazama mlango wa jikoni, lakini ulikuwa umezibwa na akina mama na masufuria yao.

Mama akasimama mbele ya picha kwa muda mrefu. Muuza maharage akaanza kusema kwa sauti kwamba wengine hujenga sifa kwa nyuso za watu. Mama akamnyamazisha. Akamgeukia fundi.

"Kumbe ilitoka."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilidhani imeharibika huko kwenye dawa zao, ukaona vibaya kuniambia. Nikawakataza hawa wasikuseme. Nikawaambia yule ni mtoto mwenye haya, tusimwongezee. Ndiyo maana sikukuita, hata nilipokuona unapita kule nyuma ya bucha."

Alikuwa amemwona. Kila gulio alikuwa amemwona.

Fundi akauliza, kwa sauti ya chini, juu ya harusi.

"Walitandika kanga yangu kwenye kiti," akasema mama. "Wakwe waliuliza kama nimekufa."

Fundi akamwuliza jina lake.

"Mkawasi," akasema. "Mkawasi wa Mwanyumba. Hata siku ile ungeuliza ningekuambia."

Ndugu zangu, mtu huyu alipona nini? Haya ilimtoka mdomoni, ikahamia miguuni. Na sisi je? Tumejifunza kusali kwa sauti. Tunasimama sokoni kuwahubiria watu tusiowajua, na wala hatutetemeki. Lakini kuna mgonjwa tuliyemwambia tutarudi kumwona. Kuna mjane tuliyemwambia tutamsemea. Tukikaribia mlango wake tunapita njia nyingine, kisha tunaiita tabia hiyo upole, tunaiita kutopenda makuu. Si upole. Ni kujipenda kulikovaa nguo za heshima.

Na mnadhani hatuonekani? Wanatuona. Wako kimya kwa sababu wanatusitiri. Tunadhani tunaficha aibu yetu, kumbe wao ndio wanaotubebea, na bado wanatutetea mbele ya majirani. Je, Mungu hatuoni tukipita huko? Naye ametunyamazia mara nyingi. Tusiudhani ukimya huo kuwa ruhusa.

Sitawaomba leo mnyanyue mikono, wala mje mbele. Hayo tunayaweza. Nawaomba tukae kimya kidogo kabla ya wimbo, kila mmoja amtaje moyoni mtu mmoja anayemkwepa, kwa jina lake kamili, lake na la baba yake. Asiyelijua jina hilo asihangaike kulitafuta hapa ndani. Kesho aende akaliulize.