Mfarishi wenye Kitanzi

Hii nimeletewa na mtu anayenijua vizuri, nami siwezi kukaa nayo peke yangu. Kama kuna mtu anayekupimia maisha yako kwa rula yake, isome hadi mwisho, kisha umtumie na yeye.

Katika mji mmoja wa milimani, kule ambako mwezi wa sita watu hawatoki jikoni mpaka jua likolee, palikuwa na fundi aitwaye Atuganile. Kazi yake ilikuwa kushona mifarishi, yale mablanketi mazito ya viraka yenye pamba katikati. Alikuwa pia akifundisha wasichana kumi na wawili uani kwake.

Kila mwaka mji ulifanya maonyesho ya kushindanisha mifarishi. Majaji watatu walipita na rula wakitoa alama, na mfarishi ulioshika nafasi ya kwanza ulipewa utepe wa bluu, ukatundikwa kwenye ukumbi wa mji na kubaki huko. Mama Eliya, jirani yake Atuganile, alikuwa na tepe tatu. Mifarishi yake mitatu ilikuwa ukutani, mizuri kwelikweli, na haijawahi kumfunika mtu hata siku moja.

Atuganile hakuwahi kushindana. Mwanzoni watu walimtania tu. Baadaye wakaanza kusema kwamba anaogopa, kwamba fundi asiye na utepe atamfundisha nani nini. Maneno yakawaingia wazazi. Wasichana kumi na wawili wakawa wanane, wanane wakawa wanne, na wale walioondoka akawa anawaona wakipita mbele ya mlango wake na mifuko yao ya nyuzi, wanakwenda kwa Mama Eliya. Iliuma, tena iliuma sana, maana hakuwa na mtoto, na uani pale ndipo alipoitwa mama.

Basi mwaka huo akaenda kuchukua karatasi ya masharti. Mfarishi uwe na pembe nne zilizo sawa. Unene uwe mmoja kila mahali. Usiwe na kitu chochote cha kuning'inia. Akaisoma mara mbili, akamwambia shangazi yake Subilaga, aliyekuwa akiota moto jikoni, kwamba atashona mfarishi mpya kwa ajili ya maonyesho.

Shangazi huyu ndiye aliyemfundisha kushika sindano. Kiharusi kilikuwa kimemwondolea nguvu zote za upande wa kushoto, lakini ulimi kilimwachia, na aliutumia ipasavyo.

"Maonyesho hulala wapi?" akauliza.

"Shangazi, maonyesho hayalali."

"Sasa utayashoneaje mfarishi? Peleka huu wangu ulionishonea. Na mimi unipeleke."

Atuganile alijua majaji watausemaje mfarishi ule. Alihangaika na jambo hilo siku nne, mara anakata kitambaa kipya, mara anakirudisha kabatini. Siku ya tano akaukunja mfarishi wa shangazi na kujitwika, akampeleka na yeye. Kama ni kushindwa, alijisemea, basi nishindwe nikiwa na kazi yangu mwenyewe.

Uwanjani ulitundikwa kwenye kamba pamoja na mingine ishirini. Jaji mkuu, Bwana Lwitiko, mtu wa suti na miwani, akaanza kupima, na kila alichokiona alikitangaza wote wasikie. Upande mmoja ni mnene kuliko mwingine, alama kumi zinaondoka. Pembe moja imekatwa, kumi nyingine. Ukingoni kuna kitanzi kinaning'inia kama mkono wa kikapu, kumi na tano. Watu wakaanza kucheka chinichini. Mama Eliya hakucheka. Aliangalia viatu vyake.

"Mama, hukuyasoma masharti?" Bwana Lwitiko akauliza.

"Niliyasoma."

"Na bado ukatuletea hiki?"

Atuganile aliushusha mfarishi kutoka kwenye kamba, akaenda pale shangazi yake alipokaa kwenye kiti, akamfunika. Upande ule mnene ukalala juu ya mkono na mguu wa kushoto, ambayo haikuwa imepata joto tangu augue. Ile pembe iliyokatwa ndiyo ambayo ingeburuzika chini na kumkwaza kila anaposimama. Kisha Subilaga akaingiza mkono wake mmoja mzima kwenye kitanzi, akavuta mara moja tu, na mfarishi ukapanda hadi shingoni bila msaada wa mtu.

"Ninyi mmepima kitambaa," Atuganile akasema. "Mimi nilimpima huyu. Haya, endeleeni kupunguza alama."

Majaji wakaenda pembeni, wakabishana kwa muda mrefu. Waliporudi, Bwana Lwitiko alikuwa amevua miwani, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo. Akatangaza kwamba nafasi ya kwanza ni ya Atuganile. Vigelegele vikapigwa, na wale waliosema anaogopa ndio waliopiga zaidi. Jaji akasogea na utepe wa bluu mkononi, akanyoosha mkono wa pili ili apokee mfarishi wa kwenda kutundikwa ukumbini.

Atuganile akausukuma mkono ule taratibu. "Huu hautundikwi. Una mwenyewe."

Jaji akamweleza kwamba masharti ni masharti, mfarishi usipokaa ukumbini hakuna ushindi. Atuganile akamwambia ampe ushindi mtu mwingine, maana baridi ya mwezi wa saba iko njiani na shangazi yake hana wa pili. Bwana Lwitiko akabaki amesimama na utepe, hajui pa kuuweka.

"Huo niachie mimi," Subilaga akasema. "Kuna kuku wangu anachanganyikana na wa jirani."

Jaji, kwa kukosa la kufanya, akampa.

Ushindi ulikwenda kwa mwingine. Jumatatu iliyofuata wasichana uani walikuwa saba. Hawakurudi wote, na Atuganile hakumfuata hata mmoja. Ila siku hizi msichana haruhusiwi kukata kitambaa pale mpaka aseme mfarishi ni wa nani na mtu huyo analalaje. Na wakiwa wamekaa wanashona, hupita katikati yao kuku mmoja mwekundu, anachakura zake, mguuni amefungwa utepe wa bluu wa nafasi ya kwanza.

Funzo: Kabla hujaipeleka kazi yako kwa wenye rula, jua uliifanya kwa ajili ya nani. Huyo akiridhika, utepe ni wa kufungia kuku.