Chama Kilichoshika Mkia wa Farasi

Paukwa! Pakawa! Mbona wa nyuma mmenyamaza? Paukwa! Pakawa! Haya, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale, huko Uajemi, Simba alikuwa mfalme. Wanyama wakamsumbua, wakamsumbua, mpaka akakubali kuwe na baraza na kuwe na sheria: mkubwa na mdogo watakunywa maji kwa zamu. Mjini wakashangilia. Lakini sheria ilifika lango la mji, ikakaa hapo hapo.

Mbali, kwenye Bonde la Makomamanga, Chui alikuwa liwali. Alijilaza kwenye chemchemi. Kunywa, anywe yeye tu. Watoto wa Kware wakawa wanakauka kwa kiu. Basi Kware, Kobe na Kalunguyeye wakaunda chama.

Ngamia akacheka. "Chama gani hiki? Chote kinaenea chini ya tumbo langu."

"Kinaenea," akasema Kware, "na nafasi ipo. Karibu."

Ngamia akaenda zake. Wao wakafunga safari kwenda barazani, Kobe guu kwa guu, guu kwa guu. Chui akapata habari. Akawafuata, nyata, nyata, nyata.

Mjini, vyama vikubwa vya barazani vikawaambia, "Subirini. Mambo ya bondeni baadaye." Kugeuka, Chui huyu hapa!

Sasa sikilizeni. Nchi ile ilikuwa na desturi: anayekimbilia zizi la farasi wa mfalme hakuna wa kumgusa, na farasi hatoki mpaka shauri la aliyekimbilia lisikilizwe. Wakajitupa zizini. Kobe akauma mkia wa farasi, ndi! Chui akabaki mlangoni anameza mate.

Asubuhi Simba akataka kwenda kuwinda. "Farasi wangu yuko wapi?"

"Nipo, bwana," akasema Farasi, "ila mkiani nina wageni."

Simba akaingia. "Sheria si niliwapa?"

"Ulitupa, bwana," akasema Kware. "Iko mjini. Bondeni wanangu wana kiu."

Simba akanguruma. "Chui, umenitia aibu. Leo nakuchuna ngozi."

Chui mbio, puu! Ndani ya zizi. Akaukamata mkia ule ule.

Kalunguyeye akasimamisha miiba. "Mtoeni nje achunwe."

Kware akawakumbuka wanawe, akaumia moyoni. Kisha akasema, "Sogeeni, mpeni nafasi. Huyu akitolewa leo, kesho tutatolewa sisi. Na yeye asikilizwe barazani."

Chui akalia.

Baraza likawasikiliza wote. Chui akabaki na ngozi yake, uliwali akavuliwa. Bondeni wakanywa kwa zamu: Kware na wanawe mbele, Chui nyuma kabisa. Na Ngamia akaja, kichwa chini, akauliza, "Ile nafasi bado ipo?"

Mafunzo ni haya, wakubwa kwa wadogo: sheria isiyomlinda unayemchukia haitakulinda na wewe.

Hadithi yangu imeishia hapo, mkiani mwa farasi. Anayetaka zaidi akamuulize Kobe, kama ameshaachia meno.