Pimbi Apiga Hodi Kikapuni

Hapo zamani za kale, na nikisema kale sisemi juzi ya babu yenu, nasema kale hasa, wanyama walikuwa na nyumba zao, wake zao na masufuria yao. Jua likishapoa walicheza mpira wa kikapu. Msinikodolee macho. Mpira waliufinyanga kwa utomvu wa mti, ukidunda unafika mbali. Kikapu kilikuwa tenga kuukuu lililotobolewa kitako, likafungwa juu ya mlingoti, usawa wa kidevu cha Twiga.

Mwaka mmoja kiangazi kilikaza. Mabwawa yote yalikauka, likabaki moja. Kila asubuhi wakubwa ndio walioingia kwanza: Tembo, Twiga, Nyati, Faru na Kiboko. Wanakunywa, wanaoga, wanasukutua, wakitoka pale maji yamegeuka uji wa ulezi. Ndipo wadogo wanaruhusiwa.

Pimbi alikuwa na watoto wawili. Kama humjui Pimbi, ni kama sungura aliyesahau kuchukua masikio, anakaa mawemaweni na anapenda kuota jua. Mkewe alikuwa akichuja tope kwa upindo wa kanga, anachuja, anarudia kuchuja, na bado watoto wanakohoa kutwa nzima. Kho! Kho! Kho!

"Baba watoto," Bi Pimbi akasema, "mdomo wako ukianza kusimulia hauna breki. Leo nenda ukautumie mahali."

Pimbi akaenda moja kwa moja mpaka bwawani, akapanda juu ya jiwe.

"Jamani! Tucheze mpira wa kikapu! Mechi tano. Watakaotangulia kushinda tatu, ndio watakunywa kwanza kiangazi chote!"

Twiga, kepteni wa wakubwa, akainamisha shingo, ikashuka, ikashuka, mpaka akachoka. "Nani kaongea? Sauti naisikia, mtu simwoni."

"Mimi hapa, Pimbi!"

Kwa kwa kwa! Wakacheka wote. Kiboko alicheka mpaka akapaliwa na maji, wakampiga mgongoni. Wakakubali papo hapo. Korongo akapewa kipenga awe refa.

Timu ya wadogo ilikuwa Pimbi mwenyewe, Digidigi mwenye mbio, Nguchiro, Kanga yule ndege, na Kakakuona, yule mwenye magamba mwili mzima, ambaye akishtuka kidogo tu anajikunja kama embe.

Mechi ya kwanza wadogo waliingia wote kwa pamoja, puu, mpaka chini ya kikapu, wakasongamana pale kama mabua. Pimbi akarusha. Tembo hakuruka hata kidogo. Alinyoosha mkonga tu. Paaa! Mpira ukaenda kuangukia shambani kwa watu. Nguchiro akarusha. Paaa! Kanga akarusha, naye mwenyewe akarushwa, manyoya yakabaki hewani.

Wakafungwa vibaya. Mechi ya pili wakafungwa vibaya zaidi.

"Bado moja tu, Bwana Mdomo," Twiga akamwambia Pimbi. "Mwambie mkeo anunue kanga nzito, ya kuchujia."

Pimbi alitabasamu, lakini moyoni aliungua. Alirudi nyumbani akawakuta watoto wanakohoa kwa zamu, huyu akimaliza yule anapokea. Hakuingia hata ndani. Akageuza, akaenda kuwachungulia wakubwa, aone Tembo amefundishwa na nani.

Akajibanza nyuma ya banda la Tembo. Alichokiona hakikuwa mazoezi. Aliona mtu mzima mmoja, tembo mwenye tumbo lake na mvi za mkia, akija na kusimama mlangoni.

"Hodi mjomba!"

"Karibu, mpwa wangu, karibu!"

Yule mpwa akaingia mpaka jikoni. Akafunua chungu, akala. Akachukua miwa ya Tembo, mzigo mzima, akaondoka nayo anatafuna. Na Tembo? Tembo alisogea pembeni kumpisha, anacheka kwa raha, masikio yanapepea.

"Yule anakumaliza," mke wa Tembo akasema.

"Mpwa haulizwi," Tembo akajibu. "Ningemzuia, mama yangu angenilaani. Mwana wa dada yangu akipiga hodi, mimi ni nani nisimame mlangoni?"

Pimbi alijikuna shingo. Akajikuna tena. Akaondoka anakimbia.

"Kesho hatusongamani," akawaambia wenzake, huku akichora vumbini. "Digidigi, kona ile. Kanga, kona hii. Nguchiro, kaa mbali kabisa, huku. Mkienda mbali, nao watawafuata mbali, maana kila mmoja kaambiwa amlinde wake. Kakakuona..."

"Mimi nijikunje?"

"Wewe simama tu popote. Chini ya kikapu namtaka Tembo peke yake."

"Tembo!" Digidigi akaruka. "Si ndiye anayetupiga makofi?"

"Yule ana adabu sana," Pimbi akasema. "Nina shida na adabu yake."

Mechi ya tatu ikaanza. Wadogo wakatawanyika, wakubwa wakawafuata, du du du, ardhi ikatikisika. Katikati pakawa peupe. Pimbi akaja anadunda mpira, tap, tap, tap, mpaka mbele ya Tembo. Mkonga ukainuka juu.

"Hodi mjomba!"

Mkonga ukasimama hapo hapo.

"Ka... karibu," Tembo akasema. Mdomo ulijibu kabla ya kichwa. Miguu nayo ikasogea pembeni kumpisha mgeni.

Pimbi akapita. Akarusha. Chwaa!

"Tembo!" Twiga akapiga kelele. "Unafanya nini?"

"Kaniita mjomba!"

"Kwani wewe ni mjomba wake?"

"Sijui! Ukoo wetu mkubwa!"

"Mama yake bibi yangu alitoka kwenu," Pimbi akasema kwa upole, bila kupepesa jicho. Alikuwa ametunga hilo asubuhi ile ile akiwa anaota jua. Akarudi na mpira mara ya pili. "Hodi mjomba!" "Karibu!" Chwaa! Mara ya tatu Tembo aliziba mdomo kwa mkonga, lakini miguu ilishazoea, ikasogea yenyewe. Chwaa! Wadogo wakashinda. Bi Pimbi alipiga kigelegele kilichomkosesha Korongo pumzi ya kipenga.

Twiga hakukubali yaishe hivyo. Akawashika Tembo na Pimbi, akawapeleka kwa mama yake Tembo, bibi kizee aliyekuwa hawezi kutembea mbali ila kumbukumbu zake zote zipo.

"Bibi, shikamoo. Tunataka kuujua ukweli. Huyu panya ni ndugu yenu?"

Pimbi akarudi nyuma hatua moja. Bibi akamwita karibu. "Fungua mdomo, mwanangu." Pimbi akafungua. Bibi akatazama mle ndani, akaona yale meno mawili ya mbele yaliyochongoka. "Hm! Nionyeshe kucha." Pimbi akanyoosha mguu.

"Kucha hizi unaziona?" Bibi akamwuliza Twiga. "Na pembe hizi ndogo za mdomoni? Hawa ni wa ukoo wetu kabisa! Walikosana na babu zetu juu ya mambo ya chakula, wakahamia mawemaweni, wakadumaa. Ooo, mwanangu, mmekonda hivi! Tembo, umewahi kwenda kuwaona watoto wa dada zako?"

"Hapana, mama," Tembo akasema, kichwa chini.

Pimbi mwenyewe, mtunga uongo, alitoa macho kama aliyemeza kokwa. Alitoka pale hajui acheke au aogope.

Twiga akaona njia ni moja. Kabla ya mechi ya nne akamziba Tembo masikio kwa nyasi, mafungu mawili makubwa, yale ya kuezekea. Pimbi akaja. "Hodi mjomba!" Tembo hakusikia. Paaa! Mpira ukaruka.

"Haya, jibu hilo!" Twiga akacheka.

Pimbi akawaita wenzake, wakanong'ona. Kumbe Tembo hasikii hodi, lakini hasikii na kepteni wake. Basi wadogo wakaanza kuzunguka, huyu anapita huku, yule anapita kule, Digidigi anakatiza katikati kama cheche.

"Tembo, kushoto!" Twiga anaita. Tembo anakwenda kulia. "Tembo, Nyati huyo!" Tembo hasikii. Gubu! Wakagongana na Nyati, Nyati akamkalia Faru, Faru macho yake hafifu akamkaba Kiboko akidhani ni mpinzani. Mpira mwingine, chwaa. Mwingine tena, chwaa. Wadogo wakashinda.

Sasa mbili kwa mbili. Imebaki moja.

Siku ya mwisho hakuna aliyebaki nyumbani. Bibi Tembo aliletwa akakalishwa kwenye mkeka. Bi Pimbi alikuja na watoto, mmoja mgongoni, mmoja mkononi, wote wanakohoa.

Twiga alikuwa amejifunza. "Tembo, wewe kaa kule mwisho kabisa, mbali na kikapu, upige soga na nzi. Hapa chini ya kikapu nasimama mimi, na mimi sina mpwa. Wengine, macho yote kwa Pimbi! Akipiga chafya nijue. Akikuna kisogo nijue."

Pimbi alisikia. Akawakusanya wenzake.

"Leo wananichunga mimi tu," akasema. "Kwa hiyo mwisho wa mchezo, mimi mpira siugusi."

Kanga akacheka. "Wewe? Usiuguse? Wewe unayesimulia mabao yako hata msibani?"

"Nimesema siugusi." Na ilimwuma, msifikiri haikumwuma. Alishaandaa hadi maneno atakayoyasema akifunga bao la ushindi.

"Sasa atafunga nani?" Digidigi akauliza.

Pimbi akamtazama Kakakuona. Wote wakamtazama Kakakuona. Kakakuona akaanza kujikunja.

"Usijikunje! Mechi nne hukurusha hata mara moja. Umemwona yeyote anayekulinda?"

"Hakuna. Jana Kiboko aliniegemea, akadhani ni jiwe."

"Basi."

"Nikikosa?"

 Upande wa pili wa uwanja mtoto wa Pimbi alikohoa. Kakakuona akasikia. Akajikunjua polepole, gamba moja moja.

Walicheza mpaka wakawa sawa kwa sawa. Korongo akainua bawa: limebaki pigo moja, na mpira ni wa wadogo. Digidigi akaushika.

Pimbi akaacha kila kitu, akatembea taratibu, mikono nyuma kama mtu anayekwenda kumjulia hali mgonjwa. Akaenda mpaka kule mwisho alikokuwa Tembo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu! Hujambo? Watoto hawajambo?"

"Wanakohoa, mjomba."

"Eee! Tangu lini? Na mama yao?"

"Yupo, anachuja tope. Na nyumbani kwako? Miwa imekubali mwaka huu?"

"Miwa ipo, njoo uchukue..."

"Wanapanga!" Twiga akapiga yowe. "Wanapanga kitu hao! Nyati, mfuate! Faru! Kiboko! Mzungukeni!"

Du du du du! Wakaja wote watatu, vumbi likapanda, wakamzunguka Pimbi. Wakakaza macho, wakajaza uwazi. Lakini Twiga moyo haukutulia. Kwanza ikaenda shingo. Kisha mguu mmoja. Kisha mwingine. Mwishowe naye akawa pale, ameinama juu ya Pimbi, pumzi inamwagika.

"Toa mpira! Uko wapi? Umeuficha wapi?"

Pimbi akainua mikono yake miwili, mitupu. Akaipindua juu, akaipindua chini.

"Mpira gani, kepteni? Mimi nimekuja kumsalimia mjomba."



Kule nyuma, chini ya kikapu ambacho hakikuwa na mlinzi hata nzi, Kakakuona alikuwa amepasiwa mpira na Digidigi, ameushika kwa mikono yote miwili, macho ameyafumba. Akaurusha kutoka magotini, kama mwanamke anayemwaga maji ya kuoshea vyombo. Ukapaa. Ukagonga ukingo wa tenga, kwa! Ukacheza kule juu, ukazunguka, ukazunguka. Twiga alipogeuza shingo, shingo ndefu ile inachukua muda kugeuka, mpira ulikuwa unapita kitako.

Chwaa!

Priiii!

Kakakuona alifumbua jicho moja. "Umeingia?" Alipoambiwa umeingia, akajikunja kwa aibu, wenzake wakambeba hivyo hivyo, wakamrusha juu na kumdaka.

"Mpwa wangu!" Tembo naye akarukaruka kwa furaha, ardhi ikapasuka mahali pawili.

"Wewe umefungwa!" Twiga akamfokea. "Tumefungwa!"

"Ah, kweli," Tembo akasema. Akaketi. Kisha akauliza, kwa nia njema kabisa: "Lakini kepteni, mimi uliniambia nikae huku. Wewe huku ulifuata nini?"

Twiga akageuka kumtazama Nyati. Nyati akatazama kwato zake. Bibi Tembo kwenye mkeka alicheka mpaka machozi yakafuata mikunjo yote ya uso, na mikunjo ile ilikuwa mingi.

Kesho yake asubuhi wakubwa walipanga foleni nyuma, Twiga akiwa wa mwisho, kwa hasira. Bi Pimbi akazamisha kibuyu bwawani, akakitoa, akachungulia ndani mpaka akaona kitako chake. Kanga yake ya kuchujia hakuihitaji, akajifunga kiunoni. Akawanywesha watoto kwanza, huyu, na huyu. Akasubiri asikie kikohozi. Hakikuja.

Pimbi akapanda jiwe aanze kusimulia, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akaanza na jina la mwingine: "Huyu Kakakuona mnayemwona..."

Basi na ninyi mlionisikiliza bila kusinzia, chukueni hili mwende nalo: ukimkodolea macho mwenye kelele peke yake, aliyenyamaza atakufunga.